Wanalilia Nini?

Desemba 1876, katika chuo cha muziki cha Moscow, mkuu wa chuo, Nikolai Rubinstein, aliandaa jioni ya muziki kwa heshima ya Leo Tolstoy. Kwarteti ya nyuzi ikaketi: fidla mbili, viola na selo. Ilipofika sehemu ya pili ya kwarteti ya kwanza ya Pyotr Tchaikovsky, mwandishi yule, mtu mzima na ndevu zake, akabubujikwa na machozi. Tchaikovsky alikuwa ameketi ubavuni pake. Miaka kumi baadaye aliandika katika shajara yake kwamba huenda hakuna sifa iliyowahi kumgusa kama machozi yale.

Lakini wimbo uliomliza Tolstoy haukuwa wa msiba. Tchaikovsky aliuokota Kamenka, Ukraine, kwa dada yake, kutoka kwa fundi mmoja aliyemsikia akiimba. Maneno yake ni ya Vanya, aliyejikalia kwenye kochi na kujimiminia pombe. Basi. Hakuna aliyekufa wala aliyeachwa. Alichofanya mtunzi ni kuzififisha nyuzi kwa vibanio, sauti ikawa kama inatoka chumba cha pili, kisha kumpa mpiga fidla wa kwanza wimbo mwingine huku selo ikidonolewa kwa vidole, noti chache zilezile zikishuka na kurudi. Mlevi wa Kamenka akageuka kilio cha mtu ambaye hata hakuwa akimfikiria.

Tukimwona mtu analia ukumbini, sisi huona upesi kwamba amekumbuka jambo. Labda. Mimi naona tunaipa huzuni sifa isiyo yake na kuinyima ufundi haki yake. Mwaka 1991 mwanasaikolojia wa Uingereza, John Sloboda, alichapisha utafiti uliowataka wasikilizaji waonyeshe ni wapi hasa katika muziki wanapotokwa na machozi au mwili kuwasisimka. Hawakuja na majibu ya jumlajumla. Wengi walitaja mahali mahususi, na machozi yalikuwa na mazoea yake: yalifuata noti inayogongana kidogo na zile zilizo chini yake, ikakawia, kisha ikateremka na kutulia. Msisimko wa mwili ulikuja zaidi pale muziki ulipobadilika ghafla, pasipotarajiwa.

Kwarteti ina nafasi nzuri ya kuleta machozi hayo kwa sababu hakuna pa kujificha. Ni watu wanne, bila kiongozi wa kuwapungia kijiti, kila mmoja na sauti yake. Noti ikikawia, unamwona anayeikawiza. Ukikaa safu ya mbele unamsikia hata akivuta pumzi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba palipo na ufundi machozi hufuata tu. Tarehe 21 Machi 1826, mjini Vienna, mpiga fidla Ignaz Schuppanzigh na wenzake walipiga kwa mara ya kwanza kwarteti ya Beethoven, opasi 130. Beethoven, kiziwi tayari, hakwenda. Alisubiri habari katika baa ya jirani. Wasikilizaji walidai sehemu mbili zirudiwe, zote fupi na changamfu. Sehemu ya mwisho, fyuga kubwa, iliwashinda, na Beethoven alipoambiwa aliwatukana kuwa ni ng'ombe na punda. Baadaye mchapishaji wake alimshawishi atunge mwisho mwingine, na fyuga ikatolewa peke yake. Kinachonishangaza mimi si fyuga. Ni ile sehemu ya tano, Cavatina, ambayo Karl Holz, mpiga fidla wa pili, alisimulia kwamba Beethoven aliitunga huku analia. Katikati yake fidla ya kwanza inakatikakatika kama mtu aliyeshikwa na donge kooni. Hakuna aliyeomba irudiwe. Leo rekodi yake ndiyo inayofunga muziki katika sahani za dhahabu zilizorushwa angani na vyombo vya Voyager mwaka 1977.

Wale wa Vienna angalau walisema walichotaka. Siku hizi kumbi za muziki huu zina nidhamu kali: makofi kati ya sehemu na sehemu yanaonekana ushamba, na anayelia hulia kwa siri. Mshabiki wa taarab wa Unguja, aliyezoea kuinuka, kwenda mbele kwa mwendo wa madaha na kumtunza mwimbaji pale pale neno lilipomchoma, angedhani hawa hawajasikia kitu.

Tolstoy mwenyewe aligeuza machozi kuwa mizani. Katika kitabu chake kuhusu maana ya sanaa, mwishoni mwa miaka ya 1890, alidai sanaa ni kuambukiza hisia: mtunzi ameonja jambo, msikilizaji analionja. Kwa mizani hiyo aliwakataa wengi, Beethoven wa miaka ya mwisho akiwamo. Huyu Vanya wa kochini angepimwa vipi?

Mtunzi Dmitri Shostakovich alikuwa na jibu lenye ukorofi zaidi. Julai 1960, karibu na Dresden, alitunga kwarteti yake ya nane kwa siku tatu tu. Aliitoa kwa kumbukumbu ya wahanga wa ufashisti na vita, lakini imejaa noti nne zinazotokana na herufi za jina lake. Inasimuliwa kwamba kundi la kwarteti la Borodin lilipoipiga nyumbani kwake Moscow likitaraji kusahihishwa, aliinamisha kichwa mikononi na kulia, nao wakafungasha ala zao wakaondoka. Wengi huishia hapo. Lakini katika barua kwa rafiki yake Isaak Glikman, mwezi uleule wa Julai, alikuwa amekwisha kujikejeli: wakati wa kutunga alitokwa na machozi mengi kama mkojo wa mtu aliyekunywa bia nusu dazeni. Aliporudi nyumbani alijaribu kuipiga mara mbili hivi, akalia tena. Na sababu, alimwambia Glikman, haikuwa sana msiba wa bandia wa kwarteti hiyo, bali alistaajabia jinsi umbo la kwarteti lilivyoshikamana.