Feza ya Daraja Ikihama, Nani Anaulizwa?



Msimu uliopita tulifika katika kijiji kimoja, mbali kidogo na mji wa Kalemie. Mihogo na mahindi vilikuwa vingi, lakini daraja la miti lilikuwa limevunjika na kamyo haikupita. Wanamemba wa kooperative walituambia: "Tuliahidiwa daraja tangu mwaka jana. Tunangoja tu." Tukaenda ofisini kuuliza. Wakatujibu bila kuficha: daraja lilikuwa kwenye bajeti, kisha feza ikapelekwa kwa kazi ingine. Wakulima hawakuambiwa.

Feza hiyo inatoka wapi? Katiba ya 2006 inapatia majimbo 40% ya mapato ya taifa. Sheria ya 7 Oktoba 2008 inasema 40% ya sehemu hiyo ni haki ya miji, komine, sekta na sheferi. Ni kusema, katika kila franga 100, 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, 16 zinapaswa kushuka kwenu. Lakini mara nyingi feza inachelewa, tena inafika kidogo. Hapo viongozi wanachagua: mishahara, ofisi, ao daraja?

Kuhamisha feza si wizi kila mara. Mvua ikibomoa kituo cha afya, lazima kitengenezwe. Lakini mabadiliko yaandikwe na yajulikane. Kwa sheria, baraza la sekta ao la sheferi ndilo linapitisha bajeti. Shida ni kwamba uchaguzi wa mabaraza hayo ya vijijini haujafanyika, kwa hiyo shefu na wasaidizi wake wanaamua peke yao. Basi sauti ya kooperative ina kazi kubwa.

Tunawashauri hivi:

- Mwaka wa bajeti unaanza 1 Januari. Msingoje Desemba, pelekeni barua wakati bajeti inatayarishwa.
- Ombeni jambo moja ao mawili tu, pamoja na hesabu: magunia mangapi yaliharibika sababu ya njia?
- Chagueni mama mmoja na baba mmoja wa kufuata bajeti. Waombe kopi.
- Feza ikihama, ulizeni kwa heshima: imeenda wapi, na karatasi iko wapi?

Katika kijiji kile, waliandika barua na Bwana Shefu akawapokea. Daraja halijajengwa bado. Lakini limerudi kwenye bajeti, na kopi iko kwa sekretari wa kooperative.