Mtoto Anayejua Jibu Lakini Hanyooshi Mkono

Katika shule za Wilaya ya Kyela, mtoto mkimya husifiwa. Hasumbui, na akimwamkia mwalimu huinamisha kichwa. Mara nyingi hiyo ni adabu ya kweli ya Kinyakyusa. Lakini fungua daftari lake uone majibu sahihi, kisha umwambie asimame ajibu swali lilelile: mikono inatetemeka, sauti inakauka. Siku ya zamu yake kusoma mbele ya darasa, tumbo linamuuma tangu alfajiri. Hiyo ni hofu ya kutazamwa na kuchekwa.

Wataalamu huiita wasiwasi wa kijamii. Mara nyingi hujitokeza mtoto anapoingia ujana, na kwetu umri huo una mtihani wake. Mtoto wa Matema au Ipinda aliyelelewa kwa Kinyakyusa husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Matamshi yake yakichekwa mara moja, anafunga mdomo.

Mambo mawili huikuza hofu hiyo. La kwanza ni fimbo. Kanuni za Tanzania za viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, tena kwa utovu mkubwa wa nidhamu. Kushindwa kujibu hakumo. La pili ni huruma ya kumruka kila siku maswali yanapoulizwa. Kila akikwepa anapata nafuu, na nafuu hiyo inamfundisha kukwepa tena.

Dawa ni hatua ndogo zinazorudiwa. Mwalimu amwite pembeni: “Kesho nitakuuliza swali la tatu, liandae.” Kwanza mtoto amjibu mwenzake wa dawati, akizoea, alijibie darasa akiwa ameketi, baadaye asimame asome sentensi moja, halafu aya. Asipandishwe hatua kabla ile ya nyuma haijawa nyepesi. Apongezwe kwa kuthubutu, hata akikosea, na kuchekana kupigwe marufuku darasa zima.

Nyumbani, mzazi asimjibie anaposalimiwa. Amtume gengeni akaulize bei ya nyanya mwenyewe.

Mtoto akianza kukosa shule, au asipozungumza kabisa nje ya nyumbani, mwoneni mwalimu wa ushauri na unasihi, kisha ombeni rufaa hospitalini. Mkimya wa asili abaki na ukimya wake. Tunachodai ni kwamba anayejua jibu aweze kulisema, na aliyekwama aweze kuuliza.