Je, Kamera ya Mlangoni Yaweza Kuiona Homa?

Sisi wa Kilambo twakaa mpakani. Ng'ambo ya mto Ruvuma ni Msumbiji, na watu wa pande zote mbili wana jamaa na biashara huku na huku. Kwa hiyo habari ya kupima homa za wasafiri yatuhusu. Siku hizi katika viwanja vya ndege na majengo mengine makubwa huwekwa kamera mlangoni, nayo humpima mtu joto bila kumgusa. Wengine hudhani kwamba apitaye mbele yake salama hana ugonjwa. Yafaa tujue kama ndivyo.

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho. Aliyeigundua ni William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekaa Uingereza. Mwaka 1800 aliugawa mwanga wa jua kwa kioo, akaweka kipimajoto kando ya rangi nyekundu, mahali pasipoonekana mwanga wo wote, akaona joto linapanda. Kamera hupokea mionzi ya namna hiyo kutoka kwenye ngozi, ikaigeuza kuwa picha na tarakimu.

Lakini homa ni joto la ndani, na kamera huona ngozi tu. Joto la ndani la mtu mzima wa afya ni karibu digrii 37. Ngozi ya uso huwa chini ya hapo, tena hubadilika upesi. Aliyetembea juani saa sita mchana huonekana ana joto kubwa. Aliyetoka jasho na kupigwa na upepo huonekana wa baridi, hata kama ana homa.

Kwa hiyo kanuni za kimataifa zasema mambo haya. Kwanza, apimwe mtu mmoja mmoja, ametulia, mahali pasipo jua wala upepo. Pili, avue miwani, na kamera itazame kona ya ndani ya jicho, karibu na pua, kwa kuwa hapo ngozi hukaribia joto la ndani. Tatu, kiwekwe kando kifaa chenye joto linalojulikana, kama vile mizani ya dukani inavyokaguliwa kwa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Hata hapo kamera nzuri yaweza kukosea nusu digrii.

Tufanye hesabu. Tuseme wamepita watu 10 wenye homa na 1,000 wazima. Kamera ikawakamata wagonjwa 8 katika hao 10, na kuwakosea wazima 5 katika kila 100. Watakaosimamishwa ni 58, na wazima kati yao ni 50! Kwa hiyo kila anayesimamishwa apimwe tena kwa kipimajoto, kwa adabu, wala asinyoshewe kidole. Na wagonjwa 2 wamekwisha pita.

Tena, hata kipimo kisichokosea hakioni ugonjwa ambao haujaleta homa. Tarehe 15 Machi 2020 msafiri aliyetoka Ubelgiji alishuka katika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Alipimwa joto, akaonekana hana homa. Alipokuwa hotelini alijisikia vibaya, akaenda mwenyewe hospitali ya Mount Meru, Arusha. Huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 aliyetangazwa nchini. Ugonjwa wa Marburg nao, uliotokea mkoani Kagera mwaka 2023 na 2025, hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya kujionyesha. Na anayemeza parasetamo aweza kupita huku homa imeshuka kwa muda tu.

Basi kamera ni bawabu. Kazi ya daktari haiwezi. Tukiulizwa mpakani tumetoka wapi na twajisikiaje, tuseme kweli. Na homa ikija siku chache baada ya safari, twende zahanati upesi, tuitaje safari hiyo. Msafiri yule wa Arusha hakugunduliwa na kipimo cha uwanjani. Aligunduliwa kwa sababu alikwenda mwenyewe.