Ngao ya Angani, Ufa wa Ardhini

Wahenga walinena, usipoziba ufa utajenga ukuta. Marekani imeanza na ukuta. Tangu Machi 1983, Rais Ronald Reagan alipotangaza azma ya kutungua makombora ya nyuklia angani, mabilioni ya dola yamemiminwa humo. Ila Agosti 7, 1998, adui aliujia ubalozi wa Marekani jijini Nairobi kwa lori, akaua zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya. Mnamo Mei 2025, Rais Donald Trump alikadiria gharama ya ngao mpya kuwa dola bilioni 175. Naam, kombora ni tishio la kweli. Hata hivyo, kila dola ipelekwayo angani hupunguza fungu la ujasusi, la wanajeshi na la walinzi wa malango. Anayeipigia debe ngao hiyo na atujibu: ni ufa upi utakaoachwa wazi ili ilipiwe?