Kabla Hujang'oa Viti vya Gari la Babu

Huenda nyumbani kwenu Malindi, Watamu au Kilifi mjini liko gari kuukuu lililofunikwa turubali nyuma ya nyumba. Pengine ni Peugeot 404 au 504 aliyoiacha marehemu mzee. Pengine ni Volkswagen ile yenye umbo la kobe, au Mercedes iliyobeba maharusi wa mtaa mzima. Kuku hutaga humo, na watoto hucheza mchezo wa dereva na utingo. Kila ndugu wakikutana wakati wa Idi au Krismasi mjadala huwa ule ule: liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, au litengenezwe?

Ikiwa mmeamua litengenezwe, hongereni. Lakini tahadharini. Wengi wakishaamua hushughulikia injini na rangi, kisha sehemu ya ndani wakamwachia fundi yeyote wa viti aliye karibu, aimalize kwa siku mbili. Hapo ndipo gari huharibiwa, tena kwa pesa za mwenyewe. Injini ya 504 ikifa, nyingine yaweza kupatikana. Rangi ikikosewa, hukwanguliwa ikapigwa upya. Lakini kitambaa cha kiti kilichofumwa Ulaya zaidi ya miaka 50 iliyopita kikishatupwa jaani, hakuna duka la vipuri Malindi wala Mombasa litakalokupa kingine.

Huenda ukauliza, kuna ubaya gani nikitia viti vyeusi vya reksini kama vya matatu? Gari ni lako, msomaji, na hakuna atakayekushtaki. Ila fahamu unachokipoteza. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka wa 2000 huzuia, kwa kawaida, kuingizwa nchini kwa gari lililopita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo magari ya zamani yaliyomo nchini ni akiba isiyoongezeka kwa urahisi. Na si magari ya hivi hivi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka wa 1953, na Volkswagen ikashinda mwaka wa 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda mwaka wa 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968. 504 nayo ikafuata mwaka wa 1975 na 1978. Magari haya yalijipatia jina kwenye vumbi na matope yetu.

Yako pia maonyesho ya magari yaitwayo Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa Nairobi na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo mwaka wa 1970. Huko majaji hawaishii kwenye rangi. Huchungulia injini, uvungu wa gari, na ndani pia.

Adui ni jua na chumvi

Kuishi pwani kuna raha zake, lakini si kwa gari. Jua hupausha kitambaa na kukausha plastiki ya dashibodi mpaka ikapasuka kama ardhi ya kiangazi. Upepo wa bahari huja na chumvi, na chumvi hula springi za viti kimya kimya. Mvua za masika zikianza, unyevu huleta ukungu kwenye ngozi na dari. Na kama gari lenu ni la zamani kweli, basi huenda lilivuka hori la Kilifi kwa feri mara nyingi kabla ya daraja kufunguliwa mwaka wa 1991. Inua zulia chini ya miguu ya dereva uone yaliyojificha. Usishangae ukiiona barabara kupitia sakafuni.

Kwa hivyo kazi huanzia chini. Hakuna faida ya kushona kiti kizuri kisha ukakifunga juu ya sakafu iliyooza. Kutu ikwanguliwe, palipotoboka pachomelewe bati, papigwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo mengine yafuate. Itazame pia mipira ya vioo na milango. Maji yakiendelea kuingia, utarudia kazi mwaka ujao.

Ile hadibodi ya ndani ya mlango huoza kwa sababu ambayo wengi hawaifahamu. Kioo cha mlango hakizuii maji yote. Mengine hupita na kushuka ndani ya mlango, yakatokea kwenye vitundu vilivyo chini. Kiwandani palibandikwa karatasi ya nailoni nyuma ya hadibodi ili isilowe. Fundi anapofungua mlango kutengeneza kioo, karatasi hiyo huraruliwa na hairudishwi, na vitundu huzibwa na mchanga. Zibua vitundu, rudisha nailoni, na hadibodi mpya itadumu. Ukikata hadibodi mpya, ile ya zamani iwe ndiyo kipimo, hata kama imevimba kama mkate uliolowa, maana matundu ya vibanio yasipolingana hata kwa nusu sentimita, mlango hautafunga vizuri.

Usitupe kitu

Sasa twende kwenye viti, ambako ndiko kwenye kazi yenyewe. Kabla fundi hajagusa msumari, piga picha. Siku hizi simu ya kila mtu ina kamera, huna sababu ya kujitetea. Piga picha kila pembe, kila mshono, kila mahali kitambaa kilipokunjwa. Kisha mwambie fundi waziwazi: "Fundi, tafadhali usitupe kitu." Rudia tena siku ya pili, maana mafundi wetu wana bidii ya kufagia.

Kiti cha zamani kikifunguliwa, kifuniko chake hakipaswi kuchanwa kwa kisu bali hufumuliwa uzi mmoja mmoja. Kila kipande huandikwa namba kwa chaki upande wa ndani, kisha hulazwa juu ya kitambaa kipya na kuchorwa. Kwa njia hii mistari, mikunjo na ile kamba nyembamba inayozunguka ukingo hurudi mahali pake. Hesabu pia mishono iliyo katika kila inchi. Mshono mpana mno humfanya mjuzi akunje uso hata kabla hajakaa.

Je, rangi ya asili utaijuaje, ikiwa kiti chekundu kimekuwa rangi ya udongo? Tazama palipojificha: kitambaa kilichokunjwa chini ya kiti, au nyuma ya kibao cha mlango. Jua halijafika huko, na rangi iko vilevile ilivyotoka kiwandani. Kata kipande kidogo mahali pasipoonekana, utembee nacho madukani. Usiende na rangi kichwani, kwa sababu kichwa hudanganya.

Yako magari ambayo kitambaa chake bado ni kizima ila mshono tu umeachia. Hapo usinunue chochote kipya. Cherehani ya kawaida ya kushonea nguo haitapenya ngozi iliyokunjwa mara tatu, lakini fundi wa viatu mwenye mkono mzuri na shazia iliyopinda anaweza kuushona mshono huo akipitia matundu yale yale ya zamani, bila kutoboa mapya. Ni kazi ya siku nzima kwa kiti kimoja. Mlipe vyema. Atumie uzi wa polista, si wa pamba, kwani uzi wa pamba hauliwezi jua letu.

Dari ndiyo ngumu kuliko yote, nami singemshauri mtu ajifunzie kwenye gari la babake. Katika Volkswagen dari hushikiliwa na fito za chuma zilizopitishwa ndani ya mikunjo ya kitambaa, kisha kingo huvutwa na kugundishwa kuzunguka fremu za vioo. Maana yake ni kwamba kioo cha mbele na cha nyuma lazima vitolewe. Fundi akikuambia ataibadilisha dari hiyo bila kutoa vioo, mshukuru kwa chai, kisha umtafute mwingine.

Mnazi ndani ya kiti

Hili ndilo lililonifurahisha zaidi nilipokuwa nikiichunguza habari hii. Unajua viti vya Volkswagen za zamani vilijazwa nini? Si sponji. Vilijazwa nyuzi za kumbi la nazi na manyoya ya wanyama, zikashikanishwa kwa mpira, na chini yake springi za chuma. Naam, usumba, ule ule ambao akina mama wa pwani wamekuwa wakiusokota kamba tangu zamani. Hata katika miaka ya 1990 kampuni ya Daimler-Benz, iliyokuwa ikiunda Mercedes, ilishirikiana na mradi mmoja nchini Brazil kutengeneza vitu vya ndani ya gari, kama vile vya kuegemeza kichwa, kwa nyuzi hizo.

Nasi tunafanya nini? Tunaung'oa usumba, tunauchoma pamoja na taka, kisha tunanunua sponji kutoka mjini. Sponji rahisi, baada ya miaka michache ya joto na jasho, hulala na kugeuka unga wa manjano unaomwagika chini ya kiti. Usumba hupitisha hewa na hauozi upesi. Ndiyo maana makumbi yaweza kufukiwa matopeni ufukweni kwa miezi mingi, yakafukuliwa, yakapondwa, na nyuzi zikatoka zingali imara.

Hata hivyo usikimbilie kwenda kujaza makumbi makavu kwenye gunia ukaita kiti. Usumba usioshikanishwa hujikusanya upande mmoja, ukajikuta umekalia bonde na mlima. Nyuzi zioshwe chumvi yote itoke, zianikwe mpaka zikauke kabisa, zichambuliwe, kisha zitandazwe kwa tabaka juu ya kitambaa cha gunia na kushonewa humo kwa shazia, kama anavyofanya fundi wa magodoro. Juu yake iwekwe pamba nyembamba ili zisikuchome. Ikiwa mto wa asili umeharibika sehemu tu, kijazwe kile kilichopungua na mengine yaachwe. Springi nazo zisuguliwe kwa brashi ya waya na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunikwa, maana hutaziona tena kwa miaka 20.

Na sakafuni? Wenye Volkswagen na Mercedes za miaka ya 1950 na 1960 walipenda kuweka mikeka iliyofumwa kwa usumba na mkonge. Leo wapenzi wa magari hayo huko Ulaya na Marekani huiagiza kwa bei kubwa. Wewe ukitoka Mombasa kwenda Kilifi unapita mashamba ya mkonge ya Vipingo kando ya barabara, na minazi iko kila upande. Mfumaji mwenye kipimo cha karatasi mkononi anaweza kukufumia.

Kwenye dashibodi neno langu ni fupi. Msiipake mafuta ya nazi. Yatang'aa siku moja, kisha yatanasa vumbi lote la barabara ya Tsavo. Kitambaa chenye maji na sabuni kidogo chatosha. Ikiwa gari lina mbao, kama Mercedes nyingi za zamani, msimkabidhi mtu mwenye msasa mkali hata kama ni mchongaji hodari, kwa sababu kinachoonekana ni utando mwembamba kama karatasi uliogundishwa juu ya mbao nyingine. Ukishatobolewa, hakuna kurudi nyuma.

Kuhusu malipo, patana na fundi kwa kazi, si kwa siku, na mwandikiane. Mlipe kwa awamu: akimaliza kufumua na kuweka namba, akimaliza kiti kimoja, akimaliza vyote. Kile kiti cha kwanza kiwe cha nyuma, ambako kosa huonekana kwa nadra. Vipande vya zamani mrudishiwe vyote ndani ya gunia, mvihifadhi juu ya dari ya nyumba pasipo na panya. Mjukuu atakayelifungua tena gari hilo atavihitaji kuliko picha.

Gari likishakamilika, liegesheni kivulini, vioo vikiwa vimefunguliwa kidogo ili hewa ipite, na lipigwe jua la asubuhi baada ya mvua. Mwembe hutoa kivuli kizuri, ingawa wakati wa msimu wake maembe hudondoka, na utomvu wake huchafua rangi. Chini ya mnazi msiliegeshe kabisa.