Bahari Kuu, Kilindi na Arbuni: Istilahi za Mikataba ya Kukodi Boti za Uvuvi

Katika miaka hii ambapo utalii wa pwani umepanuka, wafasiri wengi hupewa kazi ya kutia katika Kiswahili mikataba ya kukodi boti kwa ajili ya uvuvi wa kujiburudisha. Mikataba hiyo huwa mifupi, mara nyingi ukurasa mmoja tu, na kwa sababu hiyo hudhaniwa kuwa ni rahisi. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba maneno machache ndani yake yana utata unaoweza kumtia msomaji hasarani, kisha tutatoa mapendekezo.

Tuchukulie mfano wa walimu wanne wa Nassa, mkoani Simiyu, waliojiwekea akiba ili likizo ya Desemba waende Tanga, wakodi boti, na kuvua katika Mkondo wa Pemba. Watu wa Nassa si wageni wa uvuvi. Kwao ni kandokando ya Ghuba ya Speke katika Ziwa Viktoria, na habari za sangara, sato na dagaa wanazijua tangu utotoni. Lakini karatasi ya masharti waliyoletewa, iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, inasema hivi: "Safari ni ya uvuvi wa michezo wa bahari kuu. Kodi italipwa na mkodishaji kabla ya safari." Sentensi ni mbili tu, lakini maneno yanayohitaji kuchunguzwa ni manne.

(a) Bahari kuu. Katika mazungumzo ya kawaida, bahari kuu ni bahari iliyo mbali na pwani, yenye maji mengi na mawimbi makubwa. Katika sheria, hata hivyo, neno hili lina mipaka. Tanzania ina Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, na sheria yake ya sasa ilitungwa mwaka 2020. Bahari kuu inayokusudiwa hapo ni hasa ukanda wa kiuchumi wa bahari, unaoanza pale maji ya kitaifa yanapokoma, maili 12 za baharini, na kuendelea hadi maili 200. Wakati huohuo, wafasiri wa sheria za kimataifa hulitumia neno hilohilo kwa maji yaliyo nje ya mamlaka ya nchi yoyote, kama yanavyotajwa katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982. Basi neno moja limebebeshwa maji yenye mwenyewe na maji yasiyo na mwenyewe.

Walimu wetu hawaendi katika maji hayo wala yale. Mkondo wa Pemba una kina kinachozidi mita 700, na mtu aweza kuvua katika kina hicho akiwa bado hajavuka maili 12 kutoka pwani. Maji ni ya kina kirefu sana, lakini kisheria si bahari kuu. Ndani ya maili hizo uvuvi wa Tanzania Bara unaongozwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na ule wa Zanzibar na sheria yake ya mwaka 2010. Kwa hiyo anayeifuata tafsiri ile ataulizia leseni katika ofisi isiyohusika, na mwenye boti ataonekana ameahidi safari ambayo pengine hana ruhusa nayo.

Chanzo cha kosa ni kuchanganya kina na mamlaka. Kiswahili kinalo neno la kina, nalo ni kilindi, yaani mahali penye maji marefu. Jina la bandari ya Kilindini, Mombasa, limetokana na neno hilo. Tunapendekeza basi "uvuvi wa vilindini", na "bahari kuu" iachiwe sheria. Faida nyingine ni kwamba kilindi hakifungamani na bahari. Anayevua sangara kwa kujiburudisha katika maji ya Rubondo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, aweza naye kulitumia neno hili bila ya kuligeuza ziwa kuwa bahari.

(b) Michezo. "Uvuvi wa michezo" hudhaniwa kuwa ni mashindano, au uvuvi usiofanywa kwa makini. Kwa kuwa "uwindaji wa kitalii" umekwisha kuzoeleka, yafaa tuseme "uvuvi wa kitalii". Huenda mtu akauliza kama mwalimu wa Nassa ni mtalii katika nchi yake mwenyewe. Jibu ni ndiyo, maana utalii wa ndani ni istilahi inayotumika siku zote.

(c) Kodi na mkodishaji. Kukodi ni kutumia chombo cha mwenzio kwa malipo, na kukodisha ni kukitoa kitumiwe kwa malipo. Mitaani vitenzi hivi huchanganywa, na wasemaji huelewana. Katika mkataba havina budi kutenganishwa, kwani tafsiri tuliyoitaja inamtaka mwenye boti ajilipe mwenyewe! Mteja aitwe mkodi. Na kwa kuwa kodi ni pia malipo yanayotozwa na Serikali, iandikwe "malipo ya ukodishaji", ili isije ikabishaniwa baadaye kama ushuru umo au haumo.

Hapa hapana budi tuongeze neno ambalo mfasiri wetu hakulitaja, nalo ni fedha za kuwekesha nafasi. Wengine huziita amana. Amana ni kitu kilichowekwa kwa mtu ili kirudishwe. Fedha zinazotangulizwa ili kuufunga mkataba ni arbuni, na desturi ya arbuni ni kwamba anayejitoa huweza kuikosa. Mwalimu aliyeahidiwa amana atadai arudishiwe, na mwenye boti aliyepokea arbuni atakataa, na kila mmoja ataiona haki iko upande wake.

(d) Majina ya samaki. Pwani majina ya sulisuli na nduaro hupewa samaki wakubwa wenye pua ndefu mfano wa upanga, lakini wasemaji hawakubaliani wote ni lipi la yupi. Mkataba ukiweka masharti juu ya samaki fulani, kwa mfano kwamba akinaswa aachiwe, jina lake la kisayansi liandikwe kando ya lile la Kiswahili.

(e) Mahali pa kuanzia safari. Mvuvi wa Nassa hupeleka samaki wake mwaloni, na mvuvi wa Tanga hupeleka wake dikoni. Maneno yote mawili ni Kiswahili safi, na kila moja litumike mahali pake. Mkataba wa pwani useme diko.

Kwa kufuata mapendekezo haya, masharti ya walimu wetu yangesomeka hivi: "Safari ni ya uvuvi wa kitalii wa vilindini, ndani ya maili 12 kutoka pwani. Malipo ya ukodishaji yatatolewa na mkodi kabla ya safari. Arbuni itarudishwa iwapo nahodha ataahirisha safari kwa sababu ya hali ya bahari." Ni maneno mengi kidogo kuliko yale ya kwanza, lakini kila mmoja ajua anakwenda wapi, nani analipa, na upepo ukichafuka fedha ni za nani.

Wasomaji walio pwani na walio maziwani, hasa wanaoyajua majina ya samaki yanavyotumika kwao, wanaombwa watuletee maoni yao kabla mapendekezo haya hayajafikishwa mbele ya kikao cha usanifishaji.