GOTI LINAPOLIA, TUTAZAME NYONGA



Munazoea kwamba kapita akiandika katika gazeti letu, anaandika juu ya kengele, usafi na kimya cha usiku. Leo sitaandika hayo. Nataka kueleza jambo moja la mwili ambalo lilipita mbele ya macho yangu na sikulijua. Ni habari ya goti lenye kuuma bila sababu kuonekana.

Mwaka wa masomo uliopita, mdogo wetu mmoja wa darasa la nane alianza kuchechemea. Alikuwa na miaka 13, mwili wake mnene kidogo. Siku ya kazi ya shamba alikuja kwangu: «Yaya, goti yangu inaniuma, siwezi kuinama.» Nilitazama goti lake. Hakuna kidonda, hakuna uvimbe. Nikamujibu: «We mutoto, uko muvivu tu. Kamata jembe.» Nilimwandika katika daftari la wavivu mara tatu. Wengine walimupaka mafuta ya moto gotini, wakamufunga bandeji, wakamupa vidonge. Vidonge vilipoisha, maumivu yalirudi. Miezi mitatu ikapita vile. Kisha asubuhi moja aliteleza kwenye ngazi, akaanguka, na hakuweza kusimama tena.

Kule hospitali munganga hakuanza na goti. Alishika mguu wote, akajaribu kuuzungusha polepole, mtoto akalia. Akaomba radio ya nyonga. Picha ilionyesha kwamba goti ni zima kabisa. Aliyekuwa mgonjwa ni nyonga.

Mdogo wetu amekubali niandike habari hii bila kutaja jina lake. Mimi nilimwomba musamaha. Lakini musamaha haurudishi miezi mitatu, ndiyo sababu naandika.

1. Nyonga imejengwa namna gani?

Nyonga ni pale mguu unapoungana na kiuno. Mfupa wa paja, ulio mrefu kuliko mifupa yote ya mwili, una kichwa cha mviringo kama mpira mdogo. Kichwa hicho kinaingia ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno na kinazunguka humo pande zote. Ndiyo maana tunaweza kupiga mpira, kukaa chini na kupanda mlima.

Kwa mtu anayekua bado, kichwa na shingo ya mfupa havijashikamana kabisa. Katikati yao kuna tabaka la kartilaji, ni kusema mfupa laini kama ule wa sikio. Hapo ndipo mfupa unapokua kwa urefu. Mtu akimaliza kukua, kartilaji hiyo inageuka mfupa mgumu. Lakini mbele ya wakati huo, pahali pale ni pazaifu.

2. Juu ya nini goti linasema mahali pa nyonga?

Watu wengi wanafikiri kama maumivu yanakaa pale pale yanapozaliwa. Si kila mara. Habari ya maumivu inapelekwa katika ubongo na neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva ya obturatori inatoka mgongoni, inapita karibu na nyonga na kuiachia tawi, kisha inatelemka ndani ya paja mpaka gotini. Neva ya femorali na ya siatiki nazo zinahudumia nyonga na goti vilevile.

Fikirini vijiji viwili vyenye njia moja tu ya kwenda kwa chifu. Mjumbe anafika akipiga kelele. Chifu anaona tu njia aliyotokea, hajui ametoka kijiji gani. Na kwa sababu kijiji cha goti ndicho kinachozoea kutuma wajumbe (tunaanguka juu ya magoti tangu utoto), chifu anasema: «Ni kule gotini.» Ubongo unafanya vile. Mgonjwa hasemi uongo. Anasikia maumivu gotini kweli, hata kama ugonjwa uko juu.

Munganga mmoja wa London, John Hilton, alieleza tangu karne ya 19 kwamba neva inayohudumia misuli ya kiungo inahudumia pia kiungo chenyewe na ngozi iliyo karibu. Kwa hiyo jambo hili si jipya. Ila linasahauliwa.

3. Magonjwa gani ya nyonga yanajificha gotini?

Yanategemea umri.

Mtoto wa miaka 4 mpaka 8: kuna ugonjwa ambamo damu haifiki vizuri katika kichwa cha mfupa wa paja, nacho kinakufa kidogo kidogo na kulegea. Mwaka 1910 waganga watatu, Legg wa Marekani, Calvé wa Ufaransa na Perthes wa Ujerumani, waliueleza kila mmoja kwa upande wake. Mara nyingi mtoto anachechemea, na anaonyesha paja ao goti.

Kijana wa miaka 9 mpaka 16: hapa ndipo sisi tuko, na hapa ndipo mdogo wetu aliumia. Wakati wa kukua upesi, ile kartilaji inashindwa kubeba uzito, na kichwa cha mfupa kinaachana na shingo yake. Kichwa kinabaki ndani ya kikombe, lakini mfupa wa paja unateleza na kugeuka kuelekea inje. Inaweza kutokea kidogo kidogo kwa miezi, ao kwa mara moja katika kuanguka kudogo. Wavulana wanashikwa zaidi kuliko wasichana, na wenye uzito mwingi zaidi kuliko wembamba. Lakini hata mwembamba anaweza kushikwa.

Wenye ugonjwa wa SS: hao ni wengi katika inchi yetu. Chembe zao za damu zinajikunja na kuziba mishipa midogo. Kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu na kufa. Mwenye SS akisema goti ao paja linamuuma siku nyingi, tusidhani ni ile shida yake ya kila siku tu. Nyonga yake itazamwe.

Umri wowote: kifua kikuu kinaweza kuingia katika nyonga, polepole, pamoja na kukonda na maumivu ya usiku. Na vijidudu vya usaha vinaweza kuingia kwa gafula: homa kali, mtoto anakataa kabisa kukanyaga chini. Hii ya mwisho haingoji kesho. Ni hospitali siku ile ile.

4. Tutatambuaje?

Kwanza tazama mwendo. Anachechemea? Kidole kikubwa cha mguu unaouma kinaelekea inje kuliko cha mguu wa pili?

Pili, shika goti. Likiwa limevimba, lina moto, ao ukibonyeza pahali fulani analia, pengine ni goti lenyewe. Kwa mfano, vijana wanaoruka sana wanapata kinundu chenye kuuma chini ya kile kifuniko cha goti. Osgood na Schlatter walikieleza mwaka 1903, na mara nyingi kinatulia chenyewe mtu akimaliza kukua. Lakini ukibonyeza goti pande zote na hapaumi pahali popote, panda juu utazame nyonga.

Tatu, mgonjwa alale chali. Mwambie apandishe goti polepole kuelekea kifua. Goti lenye nyonga nzima linapanda moja kwa moja kuelekea bega la upande wake. Nyonga iliyoteleza inalazimisha goti liende inje, kama mlango uliopinda. Kisha, goti likiwa limekunjwa, munganga anapeleka unyayo upande wa inje polepole. Kwa kufanya vile nyonga inazunguka ndani. Nyonga ngonjwa inakataa, ama inauma sana. Linganisheni na mguu wa pili.

Angalisho: sisi wanafunzi tusijifanye waganga. Tunaweza kutazama, tusivute, tusilazimishe. Na kama mtu hawezi kusimama kabisa, asishikwe-shikwe. Abebwe juu ya kitanda.

Nne, radio. Ipigwe nyonga zote mbili, picha moja ya mbele na ingine magoti yamefunguliwa kama miguu ya chura. Kuteleza kudogo kunaweza kukosa kuonekana katika picha ya mbele peke yake. Ukipiga goti tu, picha itakuwa nzuri na mgonjwa atarudishwa shambani.

5. Matunzo

Kwa nyonga iliyoteleza, dawa ya kwanza ni kuacha kukanyaga tangu saa ile ile, mbele hata ya kufika hospitali kubwa. Kisha munganga wa upasuaji anapitisha visi moja ya chuma, mara nyingine mbili, kutoka mfupa wa paja mpaka ndani ya kichwa, kusudi kisiendelee kuteleza. Hakirudishwi kwa nguvu mahali pake, kwa sababu kuvuta kunaweza kukata mishipa ya damu na kuua kichwa chote. Hapo munaona hatari ya kukandwa na kunyoshwa na watu wasiojua. Nyuma ya upasuaji mgonjwa anatembea na magongo majuma kadhaa. Na nyonga ya pili inachungwa pia, maana inaweza kufuata.

Akifika mapema, anatembea vizuri maisha yake. Akichelewa, mguu unabaki mfupi na umegeuka inje, na nyonga inaharibika angali kijana. Mdogo wetu alitiwa visi. Sasa anatembea bila magongo, lakini anachechemea kidogo, na munganga amemukataza mpira.

Vidonge vya kutuliza maumivu si vibaya. Ubaya wake ni huu: vinanyamazisha mjumbe, na hapo nyuma kijiji kinaendelea kuungua.

6. Nyonga isiyo ngonjwa, ila zaifu

Kuna goti lingine linaloumwa kwa ajili ya nyonga, na hili si la hatari. Ni kwa wanaokimbia na kuruka, sanasana wasichana wa timu ya baske. Wanaumwa mbele ya goti wakitelemka ngazi ao wakikaa sana darasani. Misuli ya kando ya nyonga na ya matako ikiwa zaifu, goti linaangukia ndani kila mara mtu anapokanyaga. Kulipaka goti mafuta hakusaidii kitu. Inafaa kupunguza mbio kwa muda na kutia nguvu misuli:

a) Lala kwa ubavu, pandisha mguu wa juu ukiwa umenyoka, ushushe polepole, mara 10.
b) Lala chali, magoti yamekunjwa, pandisha kiuno, hesabu mpaka 5, shusha, mara 10.
c) Simama, kunja magoti kidogo kama unataka kukaa, ukichunga yasiangukie ndani, mara 10.

Rudilia kila zoezi mara tatu, siku tatu kwa juma, kwa majuma sita ao zaidi. Lakini sherti kwanza ujue kwamba hauchechemei na nyonga inazunguka vizuri. Mwenye kuchechemea haendi mazoezini, anaenda kwa munganga.

7. Neno kwa wakubwa wetu

Hata wazazi na walimu wanaguswa. Kwa mtu mzima, nyonga inaweza kuchakaa kama ekseli ya kinga. Anashindwa kuvaa soksi na kukata kucha za miguu, na anasema goti linamuuma. Kupunguza uzito, mazoezi mepesi na fimbo vinasaidia. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande mzima, si wa upande unaouma. Watu wengi wanakosea hapo. Ikizidi, waganga wanaweza kubadilisha nyonga na ya chuma.

Kumalizia

Katika kitabu cha Mwanzo sura ya 32, Yakobo alitoka Penieli akichechemea, na mwenye kuandika anatuambia wazi kwamba ilikuwa nyonga yake iliyoguswa. Sisi mara nyingi tunaona mtu akichechemea, na hatuulizi kuchechemea kunatoka wapi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Wadogo zetu: mukisikia goti ao paja linauma kupita juma moja, semeni, na musipojibiwa, semeni tena kwa mwingine. Makapita wenzangu: mbele ya kuandika jina la mtu katika daftari la wavivu, mutazame anavyotembea. Nasi sote, tukimupeleka mtoto hospitali juu ya goti, tuombe kwa heshima: «Tafadhali, munganga, utazame na nyonga.»

Daftari lile lingali katika sanduku langu. Nimekata majina yale matatu kwa kalamu nyekundu, na pembeni nimeandika: si mvivu, alikuwa mgonjwa.

Mungu awabariki.

Ndugu yenu,
Kapita wa masomo, darasa la sita